Injini ya Hilux ndani ya Altezza: kazi yenyewe iko chini ya sampo

Altezza yangu niliinunua ikiwa imekufa. Aliyeniuzia aliichemsha mara tatu kwenye barabara ya Moshi, na mara ya tatu ikamzimikia Kikatiti. Nilienda kuivuta kwa kamba mpaka gereji kwangu, Unga Limited, Arusha. Nilipofungua silinda hedi, nikaweka rula juu yake na mwanga ukapita chini kama mlango uliopinda. Ni GXE10, ile yenye injini ya 1G-FE, silinda sita za lita mbili, gia ya mkono. Bodi ilikuwa safi, viti safi, na zile taa za nyuma za duara hazina ufa. Nikatafuta 1G nyingine miezi miwili. Kila niliyoletewa ilikuwa imeshachemka kama ile ya kwangu, tofauti ni kwamba yenyewe ilipakwa rangi ya fedha juu.

Nyuma ya gereji jirani kulikuwa na pikapu Hilux iliyogongwa ubavuni, inauzwa kipande kipande. Ndani ina 3RZ-FE. Injini ya mzigo: silinda nne, cc 2693, bloku, yaani mwili wa injini, ya chuma, timing cheni. Nikaiangalia wiki nzima nikipita kwenda kunywa chai. Wiki ya pili nikapeleka futi kamba.

Kabla hujanifuata, jua unachopata. 1G-FE yenye VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu, ilitoka kiwandani na farasi 160, lakini mpaka ufike mizunguko 6200 kwa dakika. 3RZ ya Tacoma, pikapu ya Toyota ya Marekani, imeandikwa farasi 150 kwa mizunguko 4800. Kwa hiyo kwenye karatasi umeshuka. Kinachopanda ni nguvu ya kusokota: kutoka Nm 200 hadi 240, na inakuja chini chini, bila kuipigia kelele. Kama unataka gari la kulia kama nyuki, hii si kazi yako. Kama unataka gari linaloondoka kwenye taa za barabarani kama limesukumwa mgongoni, halafu spea zake uzipate kwa mangi yeyote wa spea kuanzia Himo mpaka Karatu, kaa hapa tuongee.

Kununua injini

Usinunue injini iliyokaa chini juu ya tairi. Nunua iliyo ndani ya gari, uisikie ikiwaka ikiwa baridi. Ya kwanza kabisa niliyolipia arubuni iliwashwa kabla sijafika, ikawa ya moto, inanguruma vizuri. Nilipofungua kifuniko cha oili, ndani kulikuwa na masizi meusi mazito kama uji wa ulezi uliolala. Arubuni haikurudi. Wewe gusa bloku kwanza. Ikiwa na joto, waambie utarudi kesho asubuhi.

Pima kompresheni, yaani mgandamizo, silinda zote nne, plagi zote zimetolewa, pedo la mafuta limekanyagwa mpaka chini. Usiogope geji yako ikisoma chini kuliko alivyokwambia fundi wa Dar. Huku juu hewa ni nyepesi, na geji inaonyesha hivyo. Unachotafuta ni usawa: silinda moja ikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na wenzake, uliza maswali.

Pamoja na injini chukua giaboksi yake, flaiwili, klachi, fungu zima la waya za injini bila kukata, kontroli boksi (kompyuta ya injini), mita ya hewa, stata, altaneta, na raba za maunting, zile injini inazokalia, hata kama zimechoka. Kama gari lina imobilaiza, kinga ya wizi, chukua na funguo yake. Na hakikisha Hilux yenyewe ni ya kuvuta nyuma tu. Giaboksi ya foo wili ina transfa, boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma, mkiani, na Altezza haina mahali pa kuiweka. Kuna watakaokwambia ubakize giaboksi ya Altezza uchonge sahani ya kuunganishia. Inawezekana, lakini shimo la katikati likikosea hata kidogo, shafti ya giaboksi itakula beringi yake kimya kimya, utakuja kujua ukiwa Makuyuni.

Sampo

Sampo ni bakuli la oili chini ya injini. Hapa ndipo nataka tukae.

Mimi kabla ya gereji nilikuwa mchomeleaji kwenye karakana za magari ya utalii. Miaka tisa nimerefusha Land Cruiser: unakata chesisi katikati, unaongeza kipande, unafunga, unaweka paa la kunyanyuka ili mgeni asimame amwone simba. Kazi ile ilinifundisha kwamba chuma kirefu kikikosea milimita mbili huku, kule mbele kinakosea kidole kizima. Kwa hiyo sikuanza na moto. Nilianza kwa kuvua 3RZ kila kitu, ikabaki bloku, sampo na giaboksi, nikaining'iniza kwa winchi ya cheni juu ya Altezza tupu, nikaishusha polepole huku kijana wangu amelala chini na tochi.

Iligoma ikiwa bado imesimama juu kwa sentimita nane. Tumbo la sampo ya Hilux lilikuwa limekalia krosimemba, chuma kilichokingama chini ya injini. Pikapu ina nafasi chini, sampo yake imejiachia; gari la michezo limelala, na krosimemba na stelingi raki vimepita pale pale tumbo linapotaka kukaa. Nimeshaona watu wakifika hapa wanainua injini na kutoboa boneti. Usifanye hivyo. Injini ikikaa juu, gari linayumba kwenye kona, na propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, inakuwa na pembe mbaya tangu siku ya kwanza. Usikate krosimemba pia. Ndiyo inayobeba magurudumu yako ya mbele. Kinachokatwa ni sampo.

Weka alama kwa chaki pale krosimemba inapogusa, ongeza sentimita mbili za kupumua, kwa sababu injini inacheza kwenye raba zake ukikanyaga mafuta. Toa sampo, ioshe kwa petroli, ikaushe kabisa juani, halafu ndiyo ukate. Ujazo uliopunguza huku uurudishe kule: mimi nilikata tumbo nikaliongeza nyuma na pembeni, kwa bati la milimita mbili. Kabla ya kukata, jaza maji sampo nzima kwa chupa ya lita moja ukihesabu. Ukimaliza kuchomelea jaza tena. Hesabu ya pili isiwe chini ya ya kwanza.

Unapochomelea, fungia sampo kwenye bloku mbovu kwa boliti zake zote. Mimi bloku mbovu nilikuwa nayo moja tu, ile ya 1G, haiingiliani, kwa hiyo nilitengeneza fremu ya bamba nene lenye matundu yale yale. Usipoifunga, bati litajikunja kwa joto na uso wa gasketi utakuwa na mawimbi. Choma nukta, ruka upande wa pili, choma nukta, acha ipoe. Usikimbie mstari mmoja mpaka mwisho.

Sasa bomba la kufyonza oili. Ukihamisha tumbo, chujio la kufyonzea nalo linahama, na urefu wake ndio uhai wa injini. Likikaa juu sana, kona moja ya kushoto inatosha kuvuta hewa badala ya oili. Likigusa chini, linajiziba. Linatakiwa liwe milimita sita hadi kumi kutoka sakafu ya sampo. Utapimaje wakati ndani huoni? Nilienda nyumbani nikamwomba mama watoto donge la unga wa chapati. Akaniuliza la nini, nikamwambia la injini, akanipa dogo. Nikalifunga kwenye nailoni laini, nikaliweka kwenye sakafu ya sampo pale chujio linapokuja, nikafunga sampo kwa boliti nne bila gasketi, nikafungua tena. Donge limelala, limeacha alama ya chujio. Chomeka njiti ya kiberiti kwenye alama, pima. Mara ya kwanza ilisoma milimita kumi na tisa. Nikarudi kukata bomba. Mara ya tatu ikasoma nane, nikasimama hapo. Kumbuka gasketi nayo ina unene wake. Na mabaki ya unga yatoe yote. Unga ndani ya njia ya oili ni kesi nyingine.

Ukimaliza, jaza sampo mafuta ya taa uiache usiku kucha juu ya gazeti. Mafuta ya taa yanapita penye tundu ambalo maji hayapiti. Asubuhi ukikuta doa, saga mahali hapo uchome upya, usipake gundi.

Maunting na pembe

Injini ikishaingia bila kugusa, iweke kwenye mbao na jeki, isogeze mpaka uridhike. Nyuma kwenye ukuta wa kebini acha nafasi ya kuingiza mkono na spana, maana utarudi. Angalia upande wa ekzosi umeangukia wapi. Magari yetu usukani uko kulia, na shafti ya stelingi haipendi joto la manifodi. Ukuta wa handaki la giaboksi unaweza kuhitaji nyundo kidogo. Nyundo tu, usikate, isipokuwa pale tundu la fimbo ya gia linapohama.

Maunting tengeneza kwa bamba la milimita sita, na tumia raba za Hilux, mpya. Wengine wanafunga chuma kwa chuma kwa kuwa wameona kwenye magari ya mashindano. Safari moja ya Njiro na meno yako yatakwambia. Kabla ya kuchomelea chochote kwenye bodi, ondoa waya wa betri na toa kontroli boksi kabisa, weka kabatini.

Pembe ya propela unaipima kwa simu. Kuna programu ya kupima mwinamo, simu nyingi zinayo. Weka simu kwenye uso wa flanji, sahani ya kufungia propela, nyuma ya giaboksi, soma. Weka kwenye flanji ya difu, boksi la gia kati ya magurudumu ya nyuma, soma. Nyuso hizo mbili ziwe sambamba, na propela yenyewe ikutane na kila moja kwa nyuzi moja hadi tatu. Mimi mara ya kwanza nilikuwa na tano upande mmoja na mbili upande mwingine, nikajidanganya kwamba haitaonekana.

Propela yenyewe inakatwa kutoka vipande viwili: mdomo wa Hilux mbele, flanji ya Altezza nyuma. Fundi wa kuchonga niliyempelekea aliikata vizuri, akaichomelea vizuri, lakini hakuibalansi, na akaniambia ameibalansi. Kufika kilomita 80 kwa saa kioo cha kati kikawa kinatetemeka, hakionyeshi kitu. Namna ya kutenganisha kosa la balansi na kosa la pembe: mtetemo wa balansi unafuata kasi ya gari, ukanyage mafuta au uachie ni ule ule. Mtetemo wa pembe unabadilika ukikanyaga na ukiachia. Mimi nilikuwa nayo yote mawili, kwa hiyo nilichelewa kuelewa. Dai usimamie mwenyewe propela ikizungushwa kwenye mashine.

Difu nayo ihesabu kabla ya kufunga. Inua nyuma magurudumu yote mawili, yazungushe kwa pamoja mzunguko mmoja kamili, hesabu propela imezunguka mara ngapi. Tairi zangu ni 205/55R16, zinazunguka kama mara 504 kwa kilomita, yaani kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu linafanya mizunguko 840 kwa dakika. Ukiwa na difu ya 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwenye gia isiyopunguza wala kuongeza, injini itakuwa mizunguko 3444. Kwa 1G hiyo ni matembezi. Kwa injini ya pikapu, tayari ni mwendo. Ukipata difu ndefu zaidi, yenye namba ndogo, ichukue.

Waya

Watu wanaogopa waya kuliko moto. Si vibaya, ila siri ni moja: injini ibaki na waya zake na kontroli boksi yake, usichanganye na za Altezza. Kila soketi ipige karatasi ya gundi na uandike jina kabla hujaichomoa. Mwisho wa siku injini inahitaji vitu vichache kutoka kwenye gari: moto wa kudumu, moto wa swichi, moto wa stata, na ethi nzuri mbili, moja bloku na moja bodi. Kinachorudi kwenye gari ni amri ya pampu ya mafuta, taa ya check engine, joto, oili na mizunguko. Sensa ya geji ya joto iwe ile ya Altezza, kwa kuwa dashibodi inaijua hiyo. Na kagua kama injini yako ina paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Kama inayo na gari halina, utatandika moja.

Geji ya mizunguko ndiyo iliyonichekesha. Injini ya silinda sita inapiga cheche tatu kwa kila mzunguko, ya silinda nne inapiga mbili. Dashibodi ya Altezza inahesabu tatu. Kwa hiyo ukiwa kweli kwenye 3000, sindano inaonyesha 2000. Siku ya kwanza kijana wangu alinisifia injini imetulia. Nikamwambia chalii, hiyo ni mizunguko 4800 unayoiona 3200, toa mguu. Fundi umeme mzuri anaweza kukufungia kisanduku cha kusahihisha. Mimi nimebandika utepe mwekundu kwenye kioo cha geji, kwenye 3200.

Maji

Arusha mjini tuko kwenye mita kama 1400. Maji ya sufuria hapa yanachemka kwenye nyuzi 95. Fikiria rejeta yenye kifuniko kisichoshika presha: injini inafika joto lake la kawaida na maji yameshaanza kuruka. Ndiyo maana gari linalofanya vizuri Tanga linakuja kuchemsha huku. Nunua kifuniko kipya, weka kulanti, na toa hewa yote gari likiwa limeinuliwa pua. Feni ya Hilux ya kuzungushwa na injini haitaingia, ni ndefu; weka feni ya umeme kubwa na relei yake.

Ekzosi nilipeleka kwa watu wa ekzosi, nikalipa, basi.

Kuwasha

Toa fyuzi ya pampu ya mafuta. Piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia, mpaka geji ya presha ya oili uliyoifunga kwa mkono isogee. Usitegemee taa. Presha ikisimama, rudisha fyuzi na uwashe. Iache ingurume, zunguka na tochi, angalia sampo yako.

Safari ya kwanza fanya Bypass, barabara ya kukwepa mji, asubuhi, hadi Usa River na kurudi. Ya pili ndiyo mtihani: toka Sakina, pita Ngaramtoni, panda mpaka Oldonyo Sambu saa saba mchana, watu wanne ndani. Yangu sindano ya joto ilipanda upana wa ukucha, ikarudi kwenye mteremko. Mbele gari lilikuwa limeshuka kidole kimoja, nikabadilisha springi baadaye.

Makaratasi usiyaache. Kadi ya gari ina namba ya injini na cc, na sasa vyote viwili ni uongo. Chukua hati ya mauziano ya injini yenye namba yake, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha TRA, mamlaka ya mapato, wabadilishe taarifa. Bima nao waambie. Trafiki mmoja aliniambia nifungue boneti, akatazama kifuniko cha silinda muda mrefu, akauliza mzigo nimeuweka wapi. Nikamwonyesha kadi.

Baada ya kilomita 500 kaza boliti zote za maunting na za propela. Kwangu zililegea mbili, zote upande wa kushoto.